Kadi ya Nafasi ya Saba

Fundi wa kituo cha mawasiliano cha kilimani walimwita Bwana Nyuzi, na jina lilimkaa. Kwa miaka kumi na minne, kila asubuhi saa tatu kamili, aliinua simu ya mezani akawasomea makao makuu nyuzi za joto, hali ya betri na feni. Aliyepokea alikuwa dada mmoja ambaye hajapata kumtia machoni. Fundi akisema "ishirini na nne," dada hurudia "ishirini na nne," ndipo aandike. Ndiyo desturi yao, tarakimu isije ikakosewa. Baada ya hapo waliongea mawili matatu: goti la dada, mvua, paka aliyezaa nyuma ya jenereta. Dakika tano, sita zikizidi.

Usicheke. Mkewe alikuwa amekwisha kufariki, na binti yake aliolewa mbali, hupiga simu mwezi ukiandama. Zile dakika tano ndizo zilizokuwa mazungumzo yake ya siku nzima.

Jumanne likaja boksi. Ndani, kadi ya kielektroniki ya usimamizi, haizidi daftari la shule, na barua: kadi ikishapachikwa, makao makuu wataona kila kitu wenyewe kwenye skrini. Ripoti ya simu imefutwa. Hakuna marefu yasiyo na ncha, sawa, lakini nani mwingine aliambiwa ainoe hiyo ncha kwa mkono wake?

Alifikiria kusema imefika mbovu. Alifikiria mpaka chai ikapoa. Lakini fundi ni fundi. Akavaa mkanda wa mkononi wenye waya wa kumaliza umeme wa mwilini, akafungua mlango wa kabati la mitambo, kisha skrubu mbili za kifuniko cha nafasi ya saba, akaisukuma kadi kwenye reli zake. Ikakwama. Akaichomoa, akainyoosha, akarudisha taratibu. Safari hii ikaingia yote. Taa ikawaka nyekundu, halafu njano, halafu kijani. Akakaza skrubu, akapiga simu.

"Dada, unaona?"

"Naona, kaka. Joto, betri, feni zote sita. Hata mlango wa kabati uko wazi, umenipigia king'ora huku!"

"Haya, nimefunga."

"Eee, kimenyamaza. Basi kaka, hongera kwa kazi."

"Asante," akasema, akaweka simu chini.

Jumatano, saa tatu, mkono ulikwenda kwenye simu wenyewe. Akaurudisha mfukoni. Akafagia chumba alichokwisha kukifagia. Mitambo ilivuma tu. Upweke ulimshika mzima mzima, hakuna namna nyingine ya kuusema. Saa tatu na robo akaenda kwenye kabati, akafungua mlango, akasimama kando yake kama mtoto aliyevunja kikombe.

Simu ikalia.

"Kaka, mlango wa kabati uko wazi."

"Najua, dada."

"Kuna hitilafu?"

"Hakuna."

Fundi akangoja kukaripiwa, na angestahili. Badala yake akasikia droo ikivutwa, karatasi zikifunuliwa.

"Joto?" dada akauliza.

Alikuwa nalo mbele yake kwenye skrini, wote wawili walijua.

"Ishirini na tatu," akasema fundi.

"Ishirini na tatu," dada akarudia polepole, kama anayeandika. "Na paka je?"