Kitabu cha Ukoko wa Fufu

Emérance hakuwa mtu wa kusifu. Ukimpikia chakula kitamu atasema chumvi imetosha. Ukimjengea ukuta ulionyooka atasema haujaanguka bado. Ndiyo maana majirani wa mtaa wa Lumumba, hapa Bunia, walipomsikia akimsifu Tina hadharani, tena machozi yakimtiririka, waliacha vyungu motoni wakatoka kwenda kuona kulikoni.

Jambo lenyewe lilianza na sufuria.

Tina alikuwa amekimbia kutoka kijiji cha Bule na mtoto mgongoni, akafikia kwa Emérance. Mtoto huyo, Gracieuse, hakuwa wake. Alikuwa wa dada yake Françoise, aliyeolewa na Donatien, mdogo wake Emérance. Siku Bule ilipochomwa, Françoise na Donatien walirudi nyuma kumchukua bibi mzee, na njia ikafungwa. Baadaye walikuja watu walioyaona kwa macho yao, wakaeleza, na msiba ukakaliwa bila maiti. Gracieuse wakati ule alikuwa angali ananyonya. Sasa vita ilikuwa imepumua kidogo tangu askari wa kigeni waje, soko limefunguliwa, na yeye amefika umri wa kuuliza maswali.

Basi kila walipokwisha kula, Tina alikataza sufuria isisuguliwe. Aliubandua ukoko wa fufu, ule ugali wa muhogo, akauloweka, akauchemsha tena mpaka ukawa uji mzito unaonata, kisha akakaa uani akigundisha kwa uji huo makaratasi magumu ya maboksi. Emérance alivumilia kwa muda, halafu uvumilivu ukamwishia.

"Weye Tina, batu banalala njaa, weye unapakaa fufu ku karto?"

"Yaya, hii ukoko ata imbwa ya Dominique ilikataa," Tina alimjibu dada mkubwa huyo bila kuinua kichwa.

Ilikuwa kweli, mbwa wa jirani aliunusa akaenda zake. Emérance akaenda kuchochea moto kwa hasira.

Tina alikuwa anatengeneza kitabu cha familia, na sababu yake ilikuwa moja. Siku chache kabla hajakianza walikuwa sokoni. Gracieuse alikuwa ameambiwa kwamba siku ya harusi mama yake, akishavua gauni la kanisani, alivaa kitenge cha manjano chenye ndege wa buluu, kwa sababu kwenye harusi za kwao ukoo mzima hushona kitambaa kimoja, na kwamba Tina alipokimbia alimbeba ndani ya kitenge chake cha sare hiyo hiyo. Sokoni akapita mwanamke amevaa manjano na ndege. Mtoto akamfuata. Tina anageuka, mtoto hayupo! Alitafutwa kwa vilio, na muuza sabuni mmoja ndiye aliyemrudisha, akiwa amemkuta karibu na kizuizi cha vijana wenye bunduki, ameshika pindo la nguo ya mtu asiyemjua.

"Nilifuata mama," Gracieuse alisema.

Nani angemgombeza? Jioni hiyo shangazi na mama mdogo walijaribu kumweleza mama yake alivyokuwa. Emérance akasema alikuwa mwembamba. Tina akasema hapana, alikuwa amejaza mashavu. Wakabishana, na wote wawili walikuwa wanasema kweli, kwa sababu mmoja alimjua bibi harusi na mwingine alimjua mama aliyejifungua. Mtoto aliwatazama kwa zamu mpaka akalala. Picha hazikuwepo. Za Bule ziliteketea pamoja na nyumba, na za Emérance waporaji walizibeba pamoja na kitanda, viti na hata mlango.

Tina aliogopa. Mtoto asiyejua sura ya mama yake atafuata kitenge chochote, na siku nyingine muuza sabuni hatakuwepo.

Na jamani, yule msichana alikuwa na mikono! Kurasa alizikata kutoka kwenye maboksi ya biskuti za msaada. Uzi wa kushonea aliuchomoa kwenye gunia. Jalada lilikuwa kipande cha turubai kilichoraruka. Nyumba ya Bule aliijenga kwa maganda makavu ya mgomba, yale meusi kwa ukuta na yale ya rangi ya chai kwa paa, na mlangoni akabandika manyoya mawili ya kuku, kwa kuwa bibi mzee hakukosa kuku mlangoni. Kwa mafundi cherehani aliokota vipande vilivyotupwa chini, akavifanya shamba la maharage lenye mistari. Ukurasa wa Donatien, aliyechimba dhahabu kwenye machimbo ya Kilo kabla ya kuoa, ulikuwa na kipande cha blanketi kuukuu, namna ile wachimbaji wanayoitandika wapitishe maji na mchanga juu yake ili unga wa dhahabu unase. Mchimbaji mmoja, Aimé, alimpa bure. Ukikigeuza juani, kilimeta kidogo.

Emérance alikipapasa kipande hicho, akakinusa. Donatien alikuwa akirudi nyumbani na harufu hiyo hiyo ya tope.

"Itakauka vibaya," alisema, akaingia ndani haraka ili asionekane.

Ukabaki ukurasa wa Françoise. Chini Tina alikuwa amebandika pindo la kitenge cha manjano. Juu palikuwa patupu.

Hapo akili ikamjia. Kwao, watu wakifunga ndoa kanisani, msimamizi wa bibi harusi hupewa picha kubwa, ile ya kutundikwa ukutani. Msimamizi wa Françoise alikuwa Mama Gertrude, na habari zilisema yuko kambi ya wakimbizi, karibu na uwanja wa ndege. Walikwenda wote watatu, Emérance akilalamikia jua njia nzima.

Mama Gertrude alitoka kwenye hema akiwa ameinama. Alipomwona mtoto, aliketi chini.

"Yesu wangu! Françoise! Huyu ni Françoise yote, muzima! Ata mwanya ya meno, yake ile ile!"

Alimkumbatia, akalia, akacheka, akalia tena. Tina alipouliza habari za picha, mama yule alirudi ndani ya hema. Alichomoa karatasi iliyoviringishwa chini ya mkeka, akaikunjua polepole.

Gauni jeupe lilikuwepo, na maua, na mikono yenye glavu. Mahali pa uso palikuwa na tundu kubwa kama kiganja.

"Munisamehe, batoto yangu," alisema. Siku zile vijana wa vizuizi walikuwa wakisoma sura za watu, wakitazama pua na kimo, ili waamue nani auawe. Sura usiyoweza kuieleza ndani ya mzigo wako ilitosha kukuua. Kwa hiyo aliukata uso wa Françoise kwa wembe, akaushonea ndani ya pindo la nguo yake ili upite salama. Na ulipita. Lakini mtu aliyetoka kwenye njia ya vifo haingii na nguo zile penye watoto. Mama Gertrude, mtu wa usafi na heshima, alipofika kambini alivua, akaloweka, akafua kwa nguvu zake zote. Alikumbuka pindo wakati anaanika. "Nilifungua nikakuta uji. Uji tu, mwanangu."

Tina alimshika mikono, akamwambia hana kosa. Akaichukua picha, akashukuru vizuri, akaibeba kifuani njia nzima ya kurudi. Safari hii Emérance hakulalamikia jua.

Kesho yake, baada ya kula, Emérance alikwenda uani akaikuta sufuria. Ilikuwa imesuguliwa kwa mchanga mpaka inang'aa. Ukoko wote umemwagwa.

Wiki ngapi alikuwa ameigombania sufuria hiyo? Sasa ilikuwa safi, na usafi wake ukamuuma kama nini. Tina alikuwa amekaa kwenye kizingiti, kitabu kimefungwa magotini, picha yenye tundu juu yake. Mikono yake ilikuwa haifanyi kitu. Emérance hakuwahi kuiona mikono ile bila kazi.

Aliingia ndani. Chini ya nguo zake palikuwa na kioo cha mraba, chembamba, kisicho na fremu, alichonunuliwa na marehemu mume wake kule Kilo. Waporaji walichukua kila kitu isipokuwa hicho, kwa sababu alikuwa amekifunga tumboni. Hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Tina mwenyewe alikuwa akisuka nywele kwa kujitazama kwenye ndoo ya maji.

Emérance alikiweka juu ya mapaja ya Tina.

Tina alikitazama kioo. Akalitazama tundu. Halafu akamtazama Gracieuse, aliyekuwa anakimbiza kuku uani.

"Yaya..." alisema, akajifuta macho.

"Usilie, utalowesha karto. Ukoko iko wapi?"

"Nilitupa."

"Basi chukua unga," alisema Emérance. "Unga muzima. Nani amekukataza?"

Walifanya kazi pamoja, mmoja akikoroga, mwingine akibana kingo, mpaka kioo kikakaa nyuma ya tundu sawasawa, na pindo la kitenge cha manjano chini yake. Ilipokauka walimwita mtoto. Gracieuse alifungua kurasa kwa vidole vyenye vumbi, nyumba, shamba, blanketi la baba, mpaka akafika kwa bibi harusi. Katikati ya shela nyeupe uso ukamtazama.

"Ni nani?"

"Mama Gertrude alisema nini siku ile?" Tina alimuuliza. "Uko Françoise yote. Cheka, utamuona."

Gracieuse akacheka, kwa aibu kwanza, kisha kwa meno yote. Akasogea karibu. Akagusa kioo kwa ncha ya kidole.

"Mama iko na mwanya," alisema. "Iko nacheka na miye!"

Hapo ndipo Emérance aliposhindwa. Alitoka barabarani na kitabu kifuani, akapaza sauti Lumumba nzima isikie: "Mukuje muone! Mukuje muone mikono ya huyu Tina! Vita ilikula picha yetu yote, na yeye anatutolea batu mu takataka!" Na watu wakaja, wakapokezana kitabu, na wengi wakaenda nyumbani kutafuta maboksi.

Siku ya soko walikwenda tena. Karibu na mafungu ya maharage akapita mwanamke amevaa manjano yenye ndege wa buluu. Tina akahisi mkono mdogo unataka kuchomoka kwenye wake, akaushika kwa nguvu zote. Gracieuse aliinua kichwa, akasubiri mpaka mwanamke yule akatabasamu kumsalimu.

"Ule hapana mama yangu," alimwambia Tina. "Ya yangu iko na mwanya."

Akamrudishia mwanamke tabasamu lake, akaomba anunuliwe ndizi.