Wabebaji wa Optatus

Dativa alikuwa jikoni kwake, Hagsätra, pembeni mwa Stockholm, simu ameibana kati ya sikio na bega, mikono yote miwili ikikamua kitambaa cheupe cha meza. Alikifulia kwenye sinki kwa sababu zamu yake ya chumba cha kufulia cha jengo ilikuwa bado wiki nzima, na wageni wa msiba hawangojei zamu.

Bibi wa kampuni ya mazishi aliuliza tena, kwa upole wa mtu anayelipwa kuwa mpole, "Wabebaji sita wapo, au tuweke kitoroli?"

"Wapo," Dativa akasema kwa Kiswidi. "Watu wetu."

"Kama hawapo, tunao wa kukodi. Nikutumie bei?"

"Wapo, nimekwambia."

Optatus, marehemu mumewe, ndiye aliyetaka hivyo. Tangu afike Stockholm alisukuma vitanda hospitalini: wagonjwa kwenda kupigwa picha, wazee kwenda kupasuliwa, na waliokwisha kukata roho kwenda chini kwenye chumba cha baridi. Jioni alivua viatu, akavinyoosha vidole vya miguu vilivyovimba, akasema, "Mama Queen, siku yangu ikifika msinisukume. Nimesukuma watu wa kutosha. Mnibebe." Alisema huku akicheka, lakini mzaha haurudiwi mara nyingi vile.

Zamani lisingekuwa neno. Chama chao cha kuzikana kilikuwa na kundi moja la simu. Mtu akifiwa, anaandika mstari mmoja tu, na kabla chai haijachemka mlango unagongwa. Optatus mwenyewe alibeba majeneza ya watu. Mama yake Humphrey, mwenyekiti wa chama, alipofia huku, amekuja kuwasalimu wajukuu, Optatus ndiye aliyeshika kule kichwani, barafu ikimtelezesha miguu, hakuliachia.

Kisha ikaingia Marekani. Humphrey, injinia mwenye nyumba yake na bustani, akawa analeta video za rais wa kule asubuhi na jioni: huyu anamwogopa Mungu, huyu hana mchezo. Severin, mfamasia, akajibu kwa habari za misaada ya Marekani iliyokatwa, na za dada yake Bukoba, nesi, ambaye zahanati yake ilifungwa akarudi kulima maharage. Wakaitana wajinga. Wakaitana vibaraka. Optatus aliandika mara moja tu: "Jamani, nani kati yetu anapiga kura huko?" Wote wawili wakamkasirikia. Kundi likapasuka yakawa mawili, na yeye hakuingizwa hata moja.

Kwa hiyo moyo ulipomwangusha kwenye ngazi za kituo cha treni, mjane wake alipiga simu mbili.

"Pole sana, shemeji," Humphrey alisema. "Vijana ninao. Ila niambie ukweli, marehemu alikuwa upande gani?"

"Upande gani wa nini, Mwenyekiti?"

"Unajua. Watu wangu wataniuliza."

"Upande wa kulia, baba. Kule kichwani, alipombeba mama yako."

Humphrey akasema atakuja na wawili.

Severin alikuwa mgumu zaidi. "Dada, mimi nishike jeneza moja na watu walioshangilia wagonjwa kukosa dawa?"

"Ni jeneza, Severin. Si kampeni."

"Haya. Kwa ajili yako. Nami nitaleta wawili. Lakini asije na kile kikofia chake chekundu cha rais wake."

Siku ya mazishi walikaa pande mbili za kanisa dogo la makaburini, njia ya katikati tupu. Padri alipomaliza, wanaume sita wakasimama, watatu huku, watatu kule, wakashika mishikio. Jeneza likainuka. Likatoka hadi mlangoni, theluji ikiwapiga usoni, na hapo Humphrey akaomba walitue kwanza, avae vizuri. Walipolitua, akatoa mfukoni kofia nyekundu yenye maandishi meupe.

Severin akaachia mshikio. "Vua."

"Baridi. Nina upara, huuoni?"

"Kofia zote za Stockholm umekosa?"

"Hii ndiyo niliyonayo. Na hicho kibandiko cha wapinzani wake kifuani mwako, nimekuuliza?"

Dativa akafungua mkoba. Mle ndani alikuwa na kofia ya sufu, ya buluu, aliyorudishiwa hospitalini ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na funguo. Aliishona mwenyewe pale nyuma ilipofumuka, kwa uzi mweusi, maana wa buluu ulikuwa umekwisha.

"Shika, Mwenyekiti. Ni yake. Itakutosha."

Humphrey akaitazama kofia, kisha glavu zake za ngozi, kisha wenzake. "Mama Queen. Mimi nivae kofia ya maiti?"

Mmoja wa vijana wake akacheka ndani ya skafu.

"Mnamwona mtu wa Mungu?" Severin akasema.

Queen, binti yao, aliyezaliwa huku, akasogea akainama kushika mshikio ulioachwa. "Mamma, jag bär," akasema kwa Kiswidi, kisha kwa Kiswahili chake kizito, "Mimi nabeba Baba."

"Mwanamke habebi jeneza, mwanangu," Severin akamwambia.

"Hapo kweli," Humphrey akasema. "Kwetu mwiko."

Mhudumu wa makaburi, mtu wa makamo mwenye ndevu za kijivu, alikuwa amesimama pembeni kwa adabu. Akatazama saa. Nje ya uzio familia nyingine ilikuwa inangoja ndani ya magari, injini zinanguruma. Akaondoka bila kusema, akarudi na kitoroli.

Hakuna aliyemzuia. Wanaume sita waliinua jeneza mara ya mwisho, haraka, wakaliweka juu yake, wakarudi nyuma wakipangusa mikono.

Dativa akaiweka kofia ya buluu juu ya kifuniko. Akashika upande mmoja, Queen upande wa pili, mhudumu akasukuma nyuma. Gurudumu moja lilikuwa linalia.

Walikuwa hawajafika kwenye kona ya misonobari simu zilipolia nyuma yao, makundi yote mawili kwa pamoja. Dativa akasikia "Eeh! Tumeshinda kura Marekani! Eeh!" na makofi yaliyozimwa na glavu. Akageuka. Watatu walikuwa wamekumbatiana. Watatu wengine wameshika vichwa, na Severin ana machozi, yale ambayo kanisani hayakuwa yametoka.

Mhudumu akasimamisha kitoroli. Akauliza kwa sauti ndogo, "Wamepata habari ya ndugu yenu mwingine? Tuwangoje?"

Kofia ilikuwa imeanza kuteleza. Dativa akaisogeza katikati, akaipangusa theluji.

"Hapana," akasema. "Sukuma."