Mgomba wa Gaston

Jumanne ile Gaston alipoondoka kambi ya Kasongo, Régina alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Gaston alisimama mlangoni, mfuko wa jeshi begani, akamwomba aache kutwanga kidogo ili amsikie. Alitaka kumwambia tu kwamba kamba ya ndoo ilikuwa imekatika na ameiunga. Kisha akampapasa kichwa binti yao Esther-Divine, aliyekuwa na miaka mitatu, akapanda lori pamoja na wenzake kwenda kwenye vita vya Kivu.

Baada ya miezi miwili alikuja Célestin, askari wa kikosi chake, bandeji sikioni na mkononi viatu vya Gaston vilivyobaki hemani.

"Mama Esther, ile kilima Baba Esther na wenzake walikuwa wanalinda ilichukuliwa na waasi. Kule hakuna mutu alibakia muzima."

Alisema alichoamini. Hakuwa ameona maiti, lakini hakuwa ameona pia mtu akishuka.

Nyumba ya kambini ni ya askari, si ya mjane. Régina alifunga vyungu vyake nyuma ya pikipiki, akampakata mtoto, na baada ya siku mbili za matope akafika Kabambare kwa mama mkwe wake, Mama Dorothée.

Matanga yakafanywa bila maiti. Wazee wa ukoo wa Gaston wanasema kaburi lisilo na kitu ndani halifungiki, kwa hiyo hulazwa humo shina la mgomba lenye urefu wa marehemu, limevishwa nguo yake. Kazi ya kulikata alipewa Ruphin, mdogo wake Gaston. Ruphin alikwenda nyuma ya nyumba na panga, akapima kwa mkono, akauchagua mgomba. Lakini wazee walikuwa wamekwisha kuuita Gaston, na mkono wake ukakataa. Akaweka panga chini, akachukua jembe, akauchimbua mzimamzima, na kisiki chake na udongo wake. Wakauvika shati la Jumapili. Hakuna aliyetazama miguuni, penye kisiki. Kaburi nalo lilikuwa fupi, la kina cha magotini, maana mvua ilikuwa inakuja. Siku hiyo hiyo Régina alinyolewa nywele.

Mwezi wa tatu baada ya matanga, chipukizi likatoka kaburini.

Mama Dorothée aliliona wa kwanza, akawaita wazee. Wazee wakasema lisiguswe.  Kila Jumamosi Régina alipalilia, na akikuta jani jipya limefunguka alijisikia kama mtu aliyeiba kitu sokoni. Mjane hatakiwi kutarajia.

Gaston alirudi mwezi wa ishirini na mbili tangu aondoke, nyuma ya pikipiki ya mchimba dhahabu aliyekuwa anakwenda Salamabila. Muda wote ule alikuwa mikononi mwa waasi, mpaka pande mbili zilipobadilishana wafungwa. Mama Dorothée alimwona akishuka, akakimbilia jikoni. Watu walidhani ameogopa. Kumbe alikwenda kuchota unga wa baraka. Akammwagia mwanawe kichwani, akilia na kupiga vigelegele kwa pumzi moja.

Jioni, Gaston alisimama mbele ya Régina, visigino pamoja, macho chini.

"Minaomba ruhusa ya kutoka inje."

Régina akacheka. Alidhani ni utani wa zamani, kwa sababu Gaston alikuwa mtu wa utani.

"Hapa ndio kwako, Baba Esther. Ruhusa ya nini?"

Hakusogea. Alisimama hivyo hivyo mpaka Régina aliposema, "Enda."

Gaston alieleza mara moja tu, na kwa maneno machache. Kule walikaa watu thelathini katika darasa la shule iliyoachwa. Aliyetoka bila kuomba hakurudi. 

Basi akawa anaomba ruhusa ya kula, ya kuoga, ya kulala. Esther-Divine, ambaye sasa alikuwa na miaka mitano, aliona mchezo mzuri. Mama yake akichelewa kujibu, yeye alipiga saluti kwa mkono wa kushoto na kupaza sauti, "Ruhusa iko, komanda! Enda mbio!"

Wakati huo mgomba ulikuwa umezaa mkungu mkubwa, umeinama juu ya kaburi. Wazee wakatoa neno lao. Aliyeliliwa hahesabiwi kuwa mzima mpaka ale pamoja na waliomlilia, na chakula kinaning'inia pale. Ila mkungu aukate mwenyewe. Mwingine akiukata ni kama amemkata yeye. Mpaka siku hiyo Régina angeendelea kunyoa, na angeendelea kuitwa mjane.

"Umwambie akate," Mama Dorothée alimbana jikoni. "Wewe anakusikia. Neno moja tu, mwanangu."

"Nikimwambia atakata, mama. Lakini atakata kama mufungwa. Mimi minataka bwana yangu."

"Na ndizi zikioza?"

"Zioze."

Alilisema kwa ukali, kisha akageuka kuchochea moto uliokuwa unawaka vizuri. Wiki ikapita. Ndizi za juu zikaanza kugeuka manjano, ndege wakazigundua. Kila asubuhi Gaston aliutazama mkungu, akamtazama mkewe, na mkewe akainamia chungu.

Asubuhi moja Régina alikuwa anapepeta mpunga. Gaston alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, jua likimpiga usoni. Akaomba ruhusa ya kuhamia kivulini. Kabla Régina hajafungua mdomo, Esther-Divine akajibu, "Leo ruhusa haiko!" akakimbilia kwa majirani kucheza.

Gaston akabaki juani. Régina alishika ungo, akangoja ainuke. Mpunga wote uliisha kupepetwa. Shati likamlowa jasho mgongoni. Régina alifungua mdomo kumruhusu, akaufunga, akaufungua tena. Hakuwahi kuwa na kazi ngumu kuliko kunyamaza asubuhi ile.

Karibu na adhuhuri mtoto alirudi, akasimama ghafla.

"Baba? Ungali hapo?"

"Ulikatala."

"Lakini nilikuwa minacheza!" Midomo ikaanza kumcheza kwa kilio. "Baba, mimi ni mutoto! Mimi si komanda!"

 Gaston alimfuta machozi kwa kidole gumba. Mtoto akavuta kamasi, akaonyesha nyuma ya nyumba. "Na ndege zinakula ndizi yako."

Gaston akainuka. Akapita karibu na Régina, karibu kabisa, hadi ungo ukatikisika, hakumwomba kitu. Panga lilikuwa limechomekwa ukutani. Alilichukua, akaenda, akakata kwa pigo moja.

Ruphin alikuja mbio kuupokea mkungu begani, machozi yakimtoka.

"Unisamehe, yaya, mukubwa wangu. Siku ile nilishindwa kukukata. Nikakung'oa na mizizi."

"Kumbe hata kuzika haujuwe," Gaston alisema. "Ningekungoja wewe unizike, singekufa hata siku moja."

Ulikuwa utani wa kwanza tangu arudi. Régina aliucheka mpaka akashika ukuta.

Ndizi ambazo bado zilikuwa ngumu wakazichemsha, wakazitwanga zikawa lituma, wakala na samaki na mawese, wote waliomlilia. Régina akaacha nywele ziote. Mambo hayakunyooka siku moja. Usingizini Gaston aliendelea kuomba ruhusa, na Régina aliendelea kumjibu. Lakini mchana alitoka na kuingia alivyotaka. Alilima mpunga miaka mingi, akapata na watoto wawili wengine, Josué na Elodie.

Mwaka jana, mwezi wa tatu, kifua kilimuua. Ruphin alichimba kaburi refu, upande wa pili wa nyumba.

Mashina ya mgomba ule sasa ni kumi na moja. Mkungu ukikomaa, Ruphin huukata, Régina huupeleka soko la Kabambare, na ndizi chache hubaki nyumbani.