Kiraka cha Kupeleka Ng'ambo

Fundi cherehani alikuwa amepewa mpaka saa kumi alasiri awe amejibu: anakwenda misheni ng'ambo au haendi. Nafasi ilibaki moja. Mchungaji alimtaka yeye hasa, akawafundishe akina mama wa huko kushona kwa wiki tatu. Fundi alikuwa amekula chumvi miaka sitini na minne bila kuvuka mpaka wa nchi yoyote. Pasi yake ya kusafiria, mpya, isiyo na muhuri hata mmoja, ilikuwa mfukoni mwa shati, na kila mara aliipapasa kama mtu anayehakikisha moyo bado unadunda.

Lakini fundi hanunui kitambaa kabla ya kukishika. Akasema atajibu akishauona mzigo wenyewe.

Mzigo ulikuwa ukumbini, nyuma ya kanisa: magunia tisa ya nguo walizotoa waumini ili ziende na wasafiri. Alifungua la kwanza, pumzi ikamkatika. Jasho lililochacha, mkojo wa panya, na juu yake manukato ya bei rahisi ya mtu aliyedhani uvundo hufichika. Akachukua rula yake ya mbao akaanza kuzitoa moja moja. Soksi iliyokakamaa. Shati la mtoto lenye matapishi yaliyokauka kifuani. Viatu viwili, vyote vya mguu wa kushoto. Gauni jeupe ambalo makwapa yake yalikuwa yamegeuka rangi ya kutu.

"Hili nani kalitoa?" aliuliza, akiliinua kwa ncha ya rula.

Katibu wa safari, kijana wa makamo ambaye kanisa zima lilimwita Kamera kwa kuwa hakuna alichokitenda bila kujipiga picha, alicheka. "Baba, kutoa ni moyo."

"Moyo huu umeoza."

"Sasa mzee wangu, huko hawana kitu. Watashukuru tu. Hebu simama hapo hapo na hilo gauni nikupige moja. Tabasamu basi!"

"Nitabasamu na kwapa la mtu?"

Mkewe, aliyekuwa ameketi kwenye benchi akikunja zile chache zilizokunjika, hakuinua kichwa. "Mume wangu, punguza sauti. Mchungaji yupo ofisini."

"Na asikie! Jalala limefungwa kwa kamba, linaitwa upendo!" Alijiona ameshuka mji wa kigeni, wanawake wamepanga foleni kwa heshima zao, naye anawakabidhi soksi ile. "Andika, Kamera. Siendi. Sibebi uchafu wa watu nikauita Injili."

Kamera akatoa daftari.

"Ngoja," mkewe akasema. "Bado hujaona gunia la mwisho."

Alilifungua mwenyewe, kama mtu anayejua anachokitafuta, akatoa suruali ya kijivu akamtupia. Fundi aliidaka kwa rula. Zipu hakuna. Mfukoni peremende iliyoyeyuka imeshika nywele na vumbi. Matakoni palikuwa pamelika hata ungeweza kusoma gazeti kupitia hapo.

"Na huyu je! Mtu mzima na akili zake timamu!"

"Geuza hapo kiunoni, kwa ndani."

Akageuza. Palikuwa na mishono mitatu ya uzi mwekundu, midogo kama punje za mtama. Ndiyo alama aliyoitia kila kazi yake tangu alipokuwa mwanagenzi, ili nguo ikirudi ajue ni ya mkono wake. Na kiuno kile alikijua. Kilikuwa chake.

"Nilikwambia itie zipu kwanza," mkewe alisema. "Ulinijibuje?"

Alikumbuka vizuri sana. Alikuwa amejibu: Wa huko hawachagui.

Mkewe hakumtaja yule nyani asiyeona kundule. Suruali yenyewe, kwa ilivyotoboka, ilitosha. Kinyaa chote alichokuwa akikigawa ukumbini kilimrudia, na safari hii hakikuwa na pa kutemwa.

Mchungaji aliingia saa kumi kasoro. "Haya fundi, jibu lako?"

"Naenda." Kamera alikata alichoandika daftarini. "Lakini kesho tangaza ibadani, kila mtu aje achukue alichotoa. Jumapili ijayo akivae kanisani. Kitakachosimama mbele ya madhabahu mwilini mwa mwenyewe, hicho nitakibeba. Kingine sikigusi."

"Watu watakasirika, fundi."

"Wakasirike wakiwa wameoga."

"Na wewe utavaa nini?" Kamera aliuliza, jicho kwenye suruali.

"Hii hii."

Watu walikasirika kweli. Wengine walidai nguo si zao, wengine walichukua gunia kimya kimya wakapita nalo mlango wa nyuma. Jumapili hiyo zilipatikana nguo za kujaza magunia mawili tu. Fundi alikaa safu ya mbele: zipu mpya, suruali imefuliwa mara tatu, na matakoni kiraka kikubwa cha kijivu kisichofanana kabisa na kijivu cha kwanza. Mahubiri yote aliyahisi macho ya watu pale pale.

Baada ya ibada Kamera alimjia na simu mkononi, safari hii kwa adabu. "Baba, naweza?"

"Piga," alisema fundi, akageuka. "Ila piga nyuma."