Pipa la Sukari Nguru

Lynn ana duka la vyakula pale Ruiru, la watu wa magorofa wanaosoma kila pakiti kabla ya kununua. Alimwambia mke wangu, "Mama Ciku, niokee mkate usio na sukari nyeupe. Ukiwa mzuri nitauza wako pekee."

Waruguru, mke wangu, aliacha kibarua cha kufulia watu nguo, akajenga jiko la matofali nyuma ya nyumba yetu Witeithie. Akanunua sukari nguru kwa gunia. Hiyo kitu huja na makapi ya miwa, hata nyuki waliokufa, kwa hivyo aliiloweka kwenye pipa la bluu akaichuja kwa kitambaa. Halafu akaja na akili yake mwenyewe: hamira akaitia humo humo pipani, ikilala inaumuka, mkate unatoka laini.

"Hii inanuka kama kwa Kahiga," nikamwambia. Kahiga hupika chang'aa, pombe haramu ya sukari nguru, kule mtoni.

"Kwani Kahiga anaoka mikate?"

Tulicheka. Majirani hawakucheka. Jumamosi mchana askari walikuja na naibu wa chifu, wakafunua pipa.

"Hii ni kangara, maji ya kupikia chang'aa," mmoja akasema.

"Ni ya mkate, afande. Jiko si hilo?"

"Siku hizi mkate unalewesha?"

"Onja basi."

"Nionje nife, mama?"

Watu wakaangua kicheko, simu zikiwa juu. Pipa likapinduliwa. Jiko lilipigwa teke mpaka mlango ukang'oka. Wakamtembeza mke wangu hadi barabarani na unga mikononi.

Walimwachilia Jumatatu. Video ilikuwa imefika Ruiru kabla yake. Lynn akapiga simu. "Mama Ciku, mimi nakuamini. Lakini wateja wangu wana watoto." Hata kina mama wa kanisa, waliokuwa wakila mkate huo na chai kwetu, walianza kumsalimia bila kusimama.

Aliyesimama ni Kahiga, na mkokoteni.

"Nimesikia mko na sukari nguru imebaki. Si itawaharibikia tu?"

Nilimwambia atoke kwangu. Waruguru alikuwa amekalia matofali yaliyoanguka. Hakuinua kichwa.

"Baba Ciku, msaidie kupakia," akasema. "Na pipa achukue."