Maua ya Mninga Mwezi wa Julai

Haya nayasimulia bila chumvi. Nikiongeza hata punje moja, ulimi wangu na uote majipu. Wanaonijua pale Isevya watacheka. Waacheni wacheke.

Mwaka ule wa operesheni ya vijiji, rafiki yangu Masele alihamishwa kwa nguvu kutoka kwake Choma kwa lori, akashushwa kwenye mbuga isiyo na mti. Miguu ikamvimba, bintiye Koleta akamleta mjini, kwetu Isevya. Alichookoa ni picha moja aliyoitengeneza mwenyewe juu ya ubao wa sanduku la chai, kwa gome la mninga, nta ya nyuki na maua ya manjano aliyoyakausha. Mninga wenyewe ulisimama kule Choma, juu ya kaburi la mkewe.

"Mzaramo," akaniambia, "sitapona, tusidanganyane. Niendee ukaniangalizie ule mninga. Bado umesimama?"

Nikaenda, nikaishia njiani, Nzega. Nilisikia wanaokutwa kwenye mahame wanakamatwa, na mimi ni shujaa wa barazani tu. Nikakaa siku tatu nikitafuna karanga, nikiikumbuka ile picha, nikatunga haiku. Ni shairi la Wajapani, mistari mitatu, silabi tano, saba, tano. Nililiokota kwenye gazeti lililofungia sukari, nikajifundisha mwenyewe.

Niliporudi nikamsomea kwa madaha:

*Mninga ule*
*umevaa dhahabu;*
*nyuki wacheka.*

Koleta akapiga vigelegele. Masele hakucheka.

"Huu mwezi gani?"

"Julai."

"Julai mninga hauna hata jani. Hutoa maua mvua zikikaribia." Akaugonga ubao kwa ukucha. "Haya umeyachuma hapa. Hukufika, mtani."

Babu zetu, Wazaramo na watu wa kwao, walibeba pembe za ndovu pamoja kwenye njia ya misafara, wakatuachia utani na sheria zake: mtani akinaswa kwa uongo, hutozwa kuku.

"Basi nakuletea jogoo," nikasema, nikijichekesha.

"Jogoo kamle na wajukuu zako. Mimi nakutoza miguu yako. Rudi."

Safari hii nilifika. Mninga ulikuwa umekatwa, kimebaki kisiki, mbao zake zimejengea ghala la kijiji kipya. Trekta lilikuwa limelima shamba la pamba moja kwa moja, likapita pale kaburi lilipokuwa. Nyumba ilikuwa majivu. Nilitafuta hata jiwe la kichwani, nisilione.

Njia nzima ya kurudi nilitunga uongo, mmoja mtamu kuliko mwingine. Nilikuwa nao saba nilipobisha hodi. Masele aliketi kitandani, picha mapajani, akanitazama usoni kabla sijasalimu.

Nikasoma:

*Kisiki tupu;*
*majivu hayajui*
*jina la mtu.*

Koleta akatoka nje. Masele alizihesabu silabi kwa vidole vyake vilivyovimba, taratibu, mpaka ya mwisho.

"Zimetimia," akasema.

Akaigeuza picha ikatazama ukuta.

"Soma tena, mtani."

Nikasoma tena.