Sekunde Tisa za Mkalimani

Kwenye shavu lake la kushoto alikuwa na doti jeusi, na viziwi wa nchi nzima walimwita kwa kugusa shavu kwa ncha ya kidole. Wenye masikio walilitafsiri jina hilo kwa mdomo, wakamwita Kidoti. Kazi yake ilikuwa kusimama kwenye kidirisha kidogo pembeni mwa skrini ya televisheni ya taifa na kuyageuza maneno ya wakubwa kuwa lugha ya alama.

Mkubwa kuliko wote aliitwa Nyundo. Waliompenda walimwita hivyo kwa sababu aliwapondaponda wala rushwa. Waliomchukia walimwita hivyo hivyo, kwa sababu vichwa alivyovigonga havikuwa vya wala rushwa peke yao. Watu waliacha kuzikana kwa ajili yake. Mke na mume walilala mzungu wa nne kwa ajili yake. Lakini nyumbani kwa Kidoti hapakuwa na ubishi, maana mama yake alimwombea Nyundo kila asubuhi kabla hajajiombea mwenyewe.

Sababu alikuwa nayo. Mwanawe wa kwanza, kaka yake Kidoti, fundi seremala, alizibwa masikio na homa akiwa mdogo. Miaka thelathini alikaa akitazama watu kwenye televisheni wakifungua na kufunga vinywa kama samaki. Nyundo alipoingia madarakani, mwezi wa tatu tu, aliagiza kila taarifa ya habari iwe na mkalimani. Kaka akaanza kujua mambo pamoja na wenzake, na Kidoti, ambaye lugha ya alama aliijua tangu utotoni kwa kugombana na kaka yake, akapata kazi. "Yule ni baba yenu wa pili," mama alikuwa akisema, na ole wake aliyecheka.

Kila Alhamisi, saa nane mchana, Nyundo alikutana na waandishi wa habari, na mkutano ulirushwa mubashara. Mubashara kwa kusema tu; picha na sauti zilizuiliwa sekunde chache kwenye chumba cha mitambo kabla hazijatoka, fundi mitambo akikaa na kidole kwenye kitufe. Kidoti alisimama kwenye kijichumba chake, kuta zimebandikwa zulia, taa moja usoni, na kidude sikioni kilichomletea sauti ya ukumbini bila kupitia popote.

Alhamisi moja, mwandishi mmoja wa gazeti alikuwa na siku kumi na mbili hajulikani alipo. Wenzake walimwita Kwanini, kwa sababu ndilo lililokuwa swali lake la kwanza na la mwisho. Watu wawili walimchukua mbele ya kinyozi, nusu ya ndevu imenyolewa, nusu bado. Polisi walisema hawanaye. Wizara ikasema haimjui. Gazeti lake likaacha nafasi nyeupe mahali pa safu yake, likafungiwa wiki mbili kwa kosa la kuchapisha nafasi nyeupe.

Ukumbini, mwandishi mmoja mzee, mwenye mafua, alinyoosha mkono.

"Mheshimiwa, mwenzetu yuko wapi?"

Kidoti aliusikia ukumbi ukinywea. Hata viti viliacha kulia. Kisha akamsikia Nyundo akicheka, kicheko cha mtu aliyekula akashiba.

"Nyie hamchoki? Yule tunaye. Akishajifunza kufunga mdomo, atarudi. Akishindwa, basi, mama yake azoee."

Mikono ya Kidoti haikungoja kuambiwa. Miaka sita ilikuwa imezoea kwenda na sauti, nayo ikaenda. *Tunaye*: ngumi ikifumbwa, ikivutwa kifuani. *Mama yake azoee.* Alipofika kwenye neno la mwisho ndipo maana ilipomfikia.

Mlango ulifunguliwa kwa kishindo. Alikuwa fundi mitambo, uso umempauka kama unga.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia nini? Si nimetafsiri?"

"Mungu wangu. Sauti nimekata. Picha nimeweka bendera. Sekunde tisa nzima nimeweka bendera na wimbo!" Alijishika kichwa. "Kidirisha chako sikukizima, dada yangu. Nimekisahau."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Wenye masikio waliona bendera ikipepea, wakasikia wimbo, wakadhani mitambo imeleta matatizo. Viziwi waliona bendera, na pembeni yake Kidoti akiwaambia kwamba mtu anayetafutwa anashikiliwa na serikali.

Kabla ya saa tisa na nusu aliitwa ofisini kwa mkurugenzi. Mkurugenzi alikuwa mwanamke mchangamfu, ndiye aliyemwajiri, lakini siku hiyo hakumtazama machoni. Kwenye kiti cha wageni alikaa mwanamume mwenye shati jeupe la mikono mifupi, lililopigwa pasi vizuri. Hakujitambulisha, na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

"Karibu, dada, kaa," alisema kwa upole. "Pole na kazi. Nasikia kusimama muda mrefu vile kunaumiza mgongo."

"Nimezoea," Kidoti alijibu.

"Mheshimiwa alisema *hatunaye*. Wewe ukasikia *tunaye*. Silabi moja tu, binadamu tunateleza. Kesho asubuhi utawaeleza watazamaji wako kwamba uliteleza."

Kidoti alimtazama mkurugenzi. Mkurugenzi alikuwa akipanga kalamu ambazo tayari zilikuwa zimepangika.

"Na kama nilisikia vizuri?"

Mwenye shati jeupe alikunywa maji, akaiweka bilauri taratibu. "Kaka yako bado ana karakana ile nyuma ya soko la zamani? Yenye msumeno wa umeme?" Akatikisa kichwa kwa huruma. "Mimi mashine zile huniogopesha. Mtu asiyesikia, mwenzake akiwasha kwa nyuma, atajuaje?"

Kidoti hakukumbuka alivyotoka ofisini, wala alivyofika nyumbani.

Kesho yake saa nne asubuhi alisimama mbele ya kamera. Akaonyesha kwa mikono, neno kwa neno, kama alivyoandikiwa: alikosea, Mheshimiwa alisema hatunaye, anaomba radhi. Fundi mitambo alimfungulia mlango tu, akiangalia sakafu.

Mama yake alimpokea kwa chai. "Umefanya la maana, mwanangu. Nyundo hawezi kusema maneno kama yale, mtu aliyewakumbuka viziwi!"

"Mama, alisema."

Kijiko kilisimama ndani ya kikombe. "Usiniambie. Nakuomba. Usiniambie."

Kaka yake alikuwa ameketi dirishani. Kidoti alimwendea, akamgusa bega, akaanza kumweleza: msumeno, karakana, yule mtu. Kaka alimtazama kidogo, kisha akafumba macho. Dada alimtikisa. Hakuyafumbua. Kwa watu wengine kununa ni kunyamaza. Kwa kaka yake, kufumba macho kulikuwa kumfungia mtu mlango usoni. Aliendelea kuonyesha maneno mbele ya macho yaliyofumbwa, mpaka mikono ikamchoka.

Siku tano zilipita hivyo. Kidoti alikwenda kazini, akatafsiri bei za mazao na hali ya hewa, akarudi. Barabarani, viziwi waliomfahamu waligeuka upande wa pili. Kila gari likipunguza mwendo nyuma yake, alijibanza ukutani mpaka lipite. Alianza kubadilisha njia. Alianza kutandika kitanda mapema na kuvaa viatu hata ndani, kwa kuwa aliwahi kusikia kwamba wanaochukuliwa hupelekwa pekupeku.

Siku ya sita kaka alimjia, akamwonyesha kwa alama mbili tu: njoo, karakana.

Ndani ya karakana, kati ya vitanda visivyopakwa vanishi, alikuwa amesimama mama mmoja mwembamba, kitenge kimefungwa kifuani, mkononi ana kapu lenye hotipoti. Kidoti alimjua kabla hajaambiwa. Uso ule ulikuwa na macho ya Kwanini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Hakukaa. "Sitakuchelewesha. Nina swali moja. Kila siku napika chakula, nazunguka nacho vituo vya polisi, vyote vya mji huu. Wananiambia hatunaye, mama, rudi nyumbani. Narudi. Wiki iliyopita mke wa jirani yangu, kiziwi, kaniambia mambo mengine. Kesho yake kaniambia umesema ulikosea." Aliivuta pumzi. "Kama hatunaye, nielewe mwanangu hayupo tena, nilie nimalize. Kama tunaye, basi leo nina vituo vitatu sijavifikia, na chakula kinapoa. Alisema lipi?"

Kidoti alimtazama kaka yake. Kaka alikuwa amesimama kando ya msumeno, na kwa mara ya kwanza katika siku sita macho yake yalikuwa wazi, yameikazia mikono ya dada yake.

Ngumi ikafumbwa. Ikavutwa kifuani. Ndipo sauti ilipofuata, nyembamba, kama si yake.

"Tunaye, mama. Alisema, yule tunaye."

Mama alikaa juu ya rundo la mbao. Hakulia. Alilikumbatia lile kapu na kuwa kama mtu anayehesabu kitu moyoni. Baadaye akasema kwamba ana wakili, binti mdogo lakini hana woga, na kwamba mahakama haiwezi kuwaagiza polisi wamtoe mtu bila shahidi wa kusema wanaye.

"Mama, mimi nina ndugu," Kidoti alisema.

"Na mimi nina mwana."

Kidoti alimgeukia kaka yake, akamtafsiria yote, pamoja na vile vitisho alivyovifumbia macho. Kaka alisikiliza kwa macho hadi mwisho. Kisha akaiendea swichi kubwa ya ukutani, akaizima, akachomoa waya wa msumeno, akauzungusha mkononi na kuutupia kabatini. *Tutafanya kwa msumeno wa mkono,* alionyesha. *Polepole. Vitanda havina haraka.* Kidoti alicheka bila kutaka, kicheko kikageuka kwikwi.

Alikula kiapo kwa wakili Jumatatu. Jumatano asubuhi alipanda kizimbani. Mabenchi yote yalikuwa yamejaa viziwi, walikuja kwa makundi, wengine kutoka mikoa ya mbali, na waliongea kwa mikono kwa kasi hivi kwamba karani wa mahakama, kwa mazoea, alipaza sauti: "Kimya!" Chumba kilikuwa kimya kuliko kanisa. Hata jaji alitabasamu.

Tabasamu halikudumu. Wakili wa serikali alisimama, akasoma ile radhi ya televisheni.

"Ni wewe uliyesema haya?"

"Ni mimi."

"Ulikuwa unadanganya siku hiyo, au unadanganya leo?"

"Siku hiyo," alisema. "Niliogopa. Leo pia naogopa, lakini sidanganyi."

Jaji alimwomba aonyeshe maneno yote mawili. Kidoti aliinua mikono. *Hatunaye*: kiganja wazi, kikipungwa hewani, kitupu. *Tunaye*: ngumi kifuani. Hapakuhitajika mkalimani. Jaji aliandika kitu kirefu, akaahirisha uamuzi kwa siku kumi na nne.

Kwenye ngazi za mahakama, mwenye shati jeupe alikuwa ameegemea nguzo. Alimpisha apite. "Umeongea vizuri, dada," alisema. Kidoti aliogopa maneno hayo kuliko yote aliyowahi kuambiwa, maana hayakuwa na kitu cha kushika.

Barua ya kufukuzwa kazi ilikuja kesho yake, mistari miwili. Jumamosi karakana ilikutwa imevunjwa, mbao zimemwagiwa oili chafu. Jumapili, yeye na kaka walifungasha nguo na kwenda mji mwingine kwa shangazi yao. Mama alikataa kuhama. Alisema hajafanya kosa lolote, na nyumba ina picha ya Nyundo ukutani, nani atamgusa?

Siku ya tisa baada ya kesi, Kwanini aliachwa kando ya barabara kuu asubuhi, pekupeku, meno mawili yamepungua, amekonda hadi mama yake alimtambua kwa sauti. Serikali ilisema alikuwa safarini. Jaji akasema basi kesi haina tena cha kuamua, akaifunga. Wafuasi wa Nyundo wakashangilia kwamba waongo wameumbuka, na wapinzani wake wakashangilia kwamba Nyundo ametishika. Mama yake Kidoti alipiga simu akilia kwa furaha. "Unaona? Amemwachia! Nilikwambia ana moyo yule mtu!" Kidoti hakubishana naye. Alimuuliza kama anafunga milango vizuri.

Sasa anafundisha lugha ya alama kwenye zahanati moja, wauguzi sita, mara tatu kwa wiki. Ni wanafunzi wazuri. Wakati mwingine mtu husimama mlangoni bila kusema kitu, mgonjwa tu anayetafuta dirisha la dawa, na mikono ya Kidoti hukauka hewani katikati ya neno, wauguzi wakadhani ni sehemu ya somo, wakaiga.

Kwanini alimpigia mara moja, alasiri, kwa namba asiyoijua. Alijitambulisha kwa sauti ya chini. Kisha wote wawili wakanyamaza, kila mmoja akisikia pumzi ya mwenzake, kila mmoja akijiuliza ni nani mwingine anayesikiliza.

"Asante, dada," alisema mwishowe.

"Jitunze, kaka," Kidoti akajibu, na simu ikakatika. Hakujua ni nani kati yao aliyeikata. Alichomoa laini, akaivunja, akabaki amekaa ukingoni mwa kitanda, viatu miguuni, mpaka shangazi alipomwita aje kusaidia kuanua nguo, mvua inakuja.